Msumari Usio na Koti

Saa moja asubuhi, mkaa ndani ya pasi umeanza kuwa mwekundu. Mwanamume anayejulikana mtaa mzima kwa jina la Mistari anaifunga pasi, anaitikisa nje ya mlango ili jivu lidondoke, kisha anaiweka juu ya kipande cha bati. Hajagusa nguo bado. Anatoa simu mfukoni, anapangusa kioo kwa ncha ya shati na kuugeukia ukuta.

Ukutani kuna misumari sita. Mitano imebeba nguo za watu: mashati, gauni la kitenge, sare za shule. Wa sita, ulio karibu na dirisha, hauna kitu. Anaupiga picha huo.

"Ya jana nayo ilikuwa hii hii," anasema bila kuulizwa. "Na ya juzi. Binti yangu amezoea."

Anabonyeza, na picha inakwenda kwa mtu mmoja tu duniani. Halafu anairudisha simu mfukoni upesi upesi, kama mtu aliyefumaniwa na kitu kisicho chake.

Kabla ya kukubali kuzungumza na gazeti hili, dobi huyu wa makamo alitoa sharti moja. "Nenda kwanza kwa mwenye koti," alisema. "Akikataa, hapa hakuna habari. Tutakunywa chai, uende zako." Mwandishi alikwenda, na jibu la mwenye koti tutalifikia.

Jina la Mistari amelipata kwa suruali. Mstari anaouacha mbele ya mguu umenyooka kiasi kwamba wateja husema unaweza kukatia nyanya. Chumba chake cha kazi kina meza ndefu iliyovikwa blanketi, dumu la maji lililotobolewa kifuniko kwa ajili ya kunyunyizia, na pasi mbili: ya umeme, na ya mkaa kwa siku ambazo umeme unajifanya mgeni. Siku nzuri anapiga pasi nguo arobaini hivi, siku mbaya hazifiki kumi. Karibu theluthi ya anachopata humezwa na mkaa na umeme.

Kwa miaka mingi hakuwa na kitu kingine zaidi ya hiyo meza. Mkewe alifariki binti yao akiwa bado mdogo, na mtoto akakulia chini ya blanketi hilo hilo, akichezea vifungo vilivyokatika. Mwaka jana binti alipata kazi ya uuguzi katika mji wa mbali. Siku ya kuondoka alimwachia baba yake simu yake ya zamani, yenye kamera nzuri na ufa kwenye kona.

Tabu ilikuwa moja: Mistari hajui kuongea na simu.

"Ananiuliza, 'Baba, hujambo?' Nasema, 'Sijambo.' 'Umekula?' 'Nimekula.' Basi, tunabaki kusikilizana tunavyopumua," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Akaniambia, 'Baba, wewe maneno yako ni ya kununua. Nitumie picha moja kila siku, mwaka mzima. Nikiiona nitajua uko hai.'"

Picha za kwanza zilikuwa za kidole gumba chake. Zikafuata za sakafu, na moja ya sikio. Binti alizipokea zote kwa shukrani na hakumcheka hata mara moja, ingawa anakiri ile ya sikio bado anayo na huitazama akiwa amechoka kazini. Taratibu mkono ukazoea. Ndipo Mistari akaanza kupiga picha kile anachokijua, yaani nguo. Lakini hakuzipiga kwa nje.

Hapa inabidi msomaji aielewe kazi yenyewe, maana balaa lote limetoka humo. Dobi mzuri haanzi na uso wa nguo. Anaigeuza, anapita kwanza kwenye mishono, mifuko na pindo, ili vya ndani vikilala sawa na vya nje vilale sawa. Kwa siku nzima macho ya Mistari yako upande ambao mwenye nguo anauficha.

"Nje wote mmefanana," anasema huku pasi ikipita tumboni mwa shati. "Ukigeuza ndiyo unamwona mtu. Mfuko umezibwa na mama, kifungo kimeshonwa na baba mwenye haraka, uzi mweusi kwenye shati jeupe. Kwangu mimi ndani ndiyo mbele. Nilisahau kwamba ni kwangu tu."

Alipiga picha ya pindo la sare lililoshushwa mara mbili, na alama za urefu wa zamani bado zinaonekana. Alipiga picha ya kwapa lililotiwa kiraka cha shati jingine. Binti alizipenda mno, akamwambia baba yake ana jicho. Mistari alikuwa hajawahi kuambiwa ana kitu chochote zaidi ya pasi.

Msichana anayeuza vocha kibanda cha pili ndiye aliyemfundisha kuweka picha kwenye stetasi. Kuanzia hapo kila mteja mwenye namba yake akawa anaziona. Sifa zikamiminika. Wakamwita msanii. Muuza duka akawa anamsimamisha njiani kumuuliza kesho kuna nini. Naye akaanza kutia maneno chini ya kila picha, mstari mmoja, wa kuchekesha kidogo.

"Kichwa kilivimba," anasema. "Sifichi. Nilikuwa naamka nawaza picha kabla ya kuwaza mkaa."

Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa hakuna aliyeweza kujua nguo ni ya nani. Kwapa ni kwapa. Mpaka lilipokuja koti la Kipaza.

Kipaza ni mshereheshaji. Harusi, mahafali, watoto kutimiza mwaka, kote huko yeye ndiye mwenye kipaza sauti, na jina limetoka hapo. Ni mrefu, ana sauti ya kuamsha mtaa, na ana koti la kijani lenye ukosi mweusi ambalo watu hulitambua kabla hawajamtambua yeye. Koti hilo ni moja tu. Kila katikati ya wiki lilikuwa likiletwa kwa Mistari na kutundikwa kwenye msumari wa dirishani, lipate hewa, likisubiri Jumamosi. Wawili hao walikuwa marafiki wa kutaniana. Mke wa Kipaza alimwita dobi shemeji, na Mistari naye alimwita shemeji.

Siku hiyo Mistari aligeuza koti kama kawaida na kukuta bitana mpya. Bitana ni kile kitambaa laini cha ndani ya koti, kinachofanya mkono uteleze wakati wa kuvaa. Ya zamani ilikuwa imechakaa hadi kuwa nyuzi. Mahali pake palikuwa na kitambaa cha pazia, maua mekundu juu ya manjano, kimeshonwa kwa mkono kuanzia bega hadi pindo. Mshono ulikuwa mdogo na sawa kiasi kwamba alivaa miwani kuutazama.

"Nilisimama pale nikasahau pasi. Haki ya Mungu, sijaona kazi ya mkono kama ile. Nikapiga picha. Kona ya ukosi ikaingia kidogo, ule mweusi na kijani chake. Hata sikuona kwamba imeingia."

Chini yake akaandika: Nje sherehe, ndani bustani.

Kufika mchana simu haikukaa kimya. Mtu wa kwanza aliandika, "Kumbe Kipaza amevaa pazia!" Wa pili akauliza kama dirisha la nyumbani kwake sasa limevaa koti. Picha ikachukuliwa, ikapelekwa kwenye makundi ya watu ambao Mistari hawajui wala hawamjui. Na yeye, akiona vicheko vinaingia mfululizo, alidhani mtaa umefurahi.

"Nikacheka nao," anasema. Anaiinua pasi kutoka kwenye shati na kubaki ameishika hewani. "Mmoja aliniandikia utani wa kumdhihaki rafiki yangu, nami nikamjibu kwa kicheko. Picha ningeweza kusema ni bahati mbaya. Kile kicheko je? Kile nilikipeleka mwenyewe kwa kidole changu."

Jumamosi ilikuwa na harusi. Mistari alikuwepo ukumbini, kwa kuwa ndiye aliyepiga pasi vitambaa vya meza, akapewa kiti cha nyuma. Kipaza alipanda jukwaani ndani ya koti lake na kuinua mkono juu kuwakaribisha maharusi. Kutoka meza ya vijana sauti ikapaa: "Fungua koti tuone bustani!"

Ukumbi ulilipuka. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kipaza naye akajikaza kisabuni, akacheka kwenye kipaza sauti, akawaambia bustani haifunguliwi usiku. Ilikuwa jibu zuri na watu walimpigia makofi. Kisha akafunga kifungo cha koti, na hadi sherehe inakwisha hakuinua mkono tena. Mkewe alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakigawa chakula. Aliweka sinia mezani na kutoka kwa mlango wa jikoni.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pale pale na kile kiti," anasema Mistari. "Kitambaa cha meza mbele yangu kilikuwa kimenyooka. Nilikikodolea macho hicho hicho mpaka watu wakaanza kuondoka."

Alifuta picha usiku ule, lakini ilikuwa imeshasambaa. Jumatatu mke wa Kipaza alikuja kibandani. Mistari anaikumbuka kila kauli yake, na anaisimulia akiangalia pasi wala si anayemsikiliza.

"Hakupaza sauti. Angepaza sauti ningepata nafuu. Aliniuliza, 'Lile pazia unajua lilikuwa la wapi?' Nikasema sijui. Akasema, 'La chumbani kwetu. Tulikupa koti, Dobi. Hatukukupa chumba.' Halafu akaondoka. Ndiyo siku aliyoacha kuniita shemeji."

Tangu hapo koti halijarudi. Kipaza akifika karibu na kibanda huvuka barabara, na mialiko yake ilipungua hadi kwa miezi miwili akapata shughuli moja tu. Watu hawakuacha kumpenda, ila waliogopa sherehe zao zigeuke za pazia. Kwa upande wa Mistari nguo arobaini za siku nzuri zikawa ishirini. Mama mmoja alileta shuka zake na kumwambia, kwa utani ambao haukuwa utani, "Hizi zina macho. Ukizipiga picha zitaniambia."

Alijaribu kuomba radhi, na kila alipojaribu aliharibu zaidi. Alituma ujumbe, ukasomwa, usijibiwe. Alikwenda mlangoni kwao jioni, Kipaza akafungua, na ulimi wa dobi ukawa mzito kiasi kwamba aliishia kuuliza kama maji yametoka. Kisha akafanya lile ambalo hadi leo linamfanya ajifunike uso kwa mikono akilisimulia. Alinunua pazia jipya na kulipeleka.

"Sijui nilikuwa na akili gani. Nimewaumbua kwa pazia, halafu nawapelekea pazia!"

Kesho yake asubuhi alilikuta kizingitini mwa kibanda. Lilikuwa limekunjwa vizuri kuliko anavyokunja yeye. Liko hapo juu ya rafu, ndani ya mfuko wake, na hajapata ujasiri wa kulitumia wala kulitupa.

Aliamua kuachana na picha kabisa. Alimpigia binti yake kumweleza, na yule baba asiyejua kuongea na simu aliongea hadi salio likaisha, binti akampigia yeye wakaendelea. Alimweleza na habari ya kile kicheko, ambayo hakuwa amemwambia mtu mwingine.

"Nilimwambia ukweli," anasema binti huyo, aliyezungumza na gazeti hili kwa simu kabla ya kuingia zamu. "Nikamwambia, baba, umemvua mtu nguo mbele za watu. Ukiacha picha sasa utakuwa unajionea huruma tu. Piga kile kinachokuuma, na nitumie mimi peke yangu."

Ndiyo maana ya msumari. Kila asubuhi, kabla ya nguo ya kwanza, Mistari huutazama msumari ambao koti lilikuwa likitundikwa na kuupiga picha. Siku za mawingu hautofautiani sana na ukuta. Binti anazo picha hizo zote na anasema hazifanani hata mbili, jambo ambalo baba yake haliamini.

Mwezi uliopita alimwona Kipaza kwa mbali, ndani ya koti. Mgongo wa koti uling'aa. Msomaji asiye dobi angeweza kudhani ni upya, lakini ni kinyume chake. Koti la sufu likipigwa pasi moja kwa moja, nyuzi zake hulala na kuungua kidogo kidogo, likaanza kumeremeta mahali lilipopitiwa, na halirudi tena. Mtu fulani alikuwa akilipiga pasi bila kutandika kitambaa kibichi juu yake.

"Niliumia kuliko siku ya ukumbini. Koti linaharibika mbele ya macho yangu, na mimi sina mdomo wa kumwambia. Nimwambie nini? Kwamba nimelitazama tena koti lake?"

Kipaza alimpokea mwandishi sebuleni kwake, akiwa na fulana na ndara. Alisikiliza ombi hadi mwisho.

"Andika," alisema. "Kazi yangu mimi ni kuchekesha, sasa nichukie kuchekwa? Sikuchukia hilo. Nilichukia mke wangu kusikia. Yule alishona wiki nzima, anaficha mpaka watoto walale, ili mimi nisionekane nimepigika." Akainua kidole. "Ila uandike kwamba kitambaa kilikuwa kizuri."

Alipoulizwa kama amemsamehe dobi, alisimama kumsindikiza mgeni. "Hilo si la gazeti," alisema.

Kibandani, saa nne, kivuli kinaingia mlangoni kabla ya mtu. Mistari anageuka na pasi mkononi, na uso wake unabadilika. Ni mke wa Kipaza. Anamsalimu mwandishi, anamwangalia dobi, anaweka suruali nyeusi mezani.

"Suruali tu," anasema. "Jumamosi ana shughuli."

"Suruali," anaitikia Mistari. Anaiweka pasi juu ya bati. Anatoa simu mfukoni, anaivuka meza na kumkabidhi mwandishi aishike, kisha anarudi mahali pake mikono ikiwa wazi. Mama huyo anaona yote hayo.

"Na koti?" anauliza dobi, kwa sauti ndogo.

"Koti napiga mwenyewe."

Mistari anaitikia kwa kichwa. Anainama, anafungua sanduku la chini ya meza na kutoa kitambaa cheupe cha pamba, kimefuliwa mara nyingi hadi kimekuwa laini. Alikipata kwa fundi aliyemfundisha kazi, na hana kingine.

"Shem..." anaanza, anajikata. "Mama. Ukipiga lile koti, kiloweke hiki, ukikamue sana, ukitandike juu yake ndipo pasi ipite. Usiburute. Bonyeza, inua. Bonyeza, inua. Halitang'aa tena."

"Umeliona linang'aa?"

"Nimeliona."

"Umelipiga picha?"

"Hapana."

Mama huyo anasogea mezani. Anakichukua kitambaa, anakipima kati ya vidole kwa namna ambayo mtu anayejua kushona hupima kitambaa chochote, anakikunja na kukitia kwenye pochi.

"Suruali nitaifuata jioni, Dobi," anasema, na anatoka.

Mistari anabaki ameshika ukingo wa meza. Baadaye anaigeuza suruali, anaanza na mifuko. Kilichomo ndani ya mifuko hiyo, kama kuna kiraka au hakuna, mwandishi hakukiona, kwa kuwa dobi alisimama akampa mgongo.

"Sasa kile kitambaa nimempa," anasema bila kugeuka. "Akikizoea, hatanihitaji. Koti litakuwa zuri, na mimi sitalishika tena. Nilijua wakati nampa."

Akimaliza, mstari umenyooka. Anaitundika suruali kwenye msumari wa tano, juu ya shati la mtu mwingine, japokuwa wa sita uko wazi. Huo, anasema, ni wa koti.

Mwaka wa picha unakaribia kwisha. Binti yake amepanga kuja likizo na anataka zichapishwe zote, kuanzia kidole gumba hadi msumari, isipokuwa moja. Baba hataki albamu. Akiulizwa anachotaka, anachukua simu yake kutoka kwa mwandishi, anaitazama na kuiweka mfukoni bila kuiwasha.

"Lile koti likirudi hapa, hata kama ni mara moja, siku hiyo sipigi picha," anasema. "Nimeshamwambia binti yangu. Kuna siku itapita hujapata kitu. Usishtuke, usiwapigie majirani, usidhani baba yako amekufa. Jua koti limerudi."